Kuuza sura mara moja, kulipwa mara ngapi?

Julai 2023 jua la Los Angeles lilikuwa kali kiasi kwamba waandishi na waigizaji waliogoma walikuwa wakitafuta kivuli. Kando ya barabara ya Barham, nje ya studio za Universal, palikuwa na safu ya miti jamii ya mkuyu, na chini yake ndipo walipokuwa wakipita na mabango yao. Siku moja walifika wakakuta miti imepogolewa, yamebaki matawi matupu. Kampuni ikasema huo ni upogoaji wa kila mwaka kwa ajili ya usalama, hapakuwa na hila. Jiji likachunguza, likakuta hakuna kibali kilichotolewa, likatoza faini ya dola 250.

Iweke faini hiyo pembeni, tulete hesabu nyingine. Kiangazi hicho hicho Ethan Drogin, mmoja wa waandishi wa tamthilia ya Suits, aliandika katika gazeti la Los Angeles Times kwamba kipindi alichokiandika kilimwingizia dola 259.71 kwa robo moja ya mwaka kutokana na kutazamwa mtandaoni. Hii ni tamthilia ambayo, kwa hesabu za kampuni ya Nielsen, Wamarekani waliitazama kwa dakika bilioni 57.7 mwaka huo mmoja, rekodi ambayo hakuna tamthilia iliyokuwa imeifikia. Kuwakatia wagomaji kivuli bila kibali na kumlipa aliyeandika kazi inayotazamwa na nchi nzima viligharimu karibu sawasawa, tofauti yake haifiki dola kumi.

Nimeanza na hesabu hizi kwa sababu huku kwetu mgomo ule ulisimuliwa kama vita vya binadamu na roboti. Vichwa vya habari vilikuwa na akili unde, picha zilikuwa na mikono ya chuma. Ukweli ni kwamba akili unde iliingia katika ugomvi ulioanza miaka mingi kabla yake, na anayeutazama ugomvi huo kwa jicho la roboti peke yake hatajua waliogoma walishinda nini, wala walichokosa.

Ugomvi wenyewe ni huu: msanii anafanya kazi mara moja, kazi inaonyeshwa mara elfu. Je, zile mara 999 ni za nani? Mwaka 1960 waandishi na waigizaji wa Hollywood waligoma kwa wakati mmoja kuuliza swali hilo, televisheni ilipoanza kurusha filamu zilizokwisha kulipiwa kwenye kumbi za sinema. Aliyewaongoza waigizaji alikuwa Ronald Reagan, yule yule ambaye mwaka 1981, akiwa rais, aliwafukuza kazi waongoza ndege zaidi ya 11,000 kwa kosa la kugoma. Dunia ina vituko vyake. Mgomo wa 1960 ulizaa malipo ya marudio: filamu mpya ikirushwa kwenye televisheni, msanii anapata chochote. Filamu za zamani ziliachwa nje ya makubaliano, na badala yake studio zilitoa fedha za kuanzishia mfuko wa matibabu na pensheni. Wakongwe wengi, ambao sura zao ndizo zilizokuwa zikirushwa kila jioni, walibaki na kinyongo.

Kwa miongo kadhaa malipo hayo yalimtunza msanii katika miezi mikavu. Anayefikiri kila mwigizaji wa Marekani ni tajiri ajue kwamba chama chao, SAG-AFTRA, kina wanachama wapatao 160,000, na ili mwanachama apate bima ya afya ya chama mwaka ule wa mgomo alitakiwa aingize dola 26,470 kwa mwaka kutokana na kazi za uigizaji. Wengi mno hawafiki hapo. Wanahudumu migahawani, wanaendesha teksi za mtandaoni, wanasubiri simu. Hundi ya marudio ya tangazo au ya tamthilia ya zamani ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba.

Ikaja Netflix na wenzake. Kampuni hizi zilikuwa zikilipa kiasi kilichopangwa mapema, kazi itazamwe na watu kumi au na watu milioni mia, na idadi ya watazamaji zikaifanya siri. Tamthilia iliyokuwa na vipindi 22 kwa msimu ikashuka hadi vinane au kumi. Waandishi waliozoea kuajiriwa miezi mingi wakawa wanaitwa kwa wiki chache katika makundi madogo, wanamaliza kutunga kabla kamera haijawashwa, wanaondoka. Kimiko Glenn, aliyeigiza katika Orange Is the New Black, tamthilia iliyoijenga Netflix, aliwahi kuonyesha hadharani taarifa yake ya malipo ya marudio ya nje ya nchi: dola 27.30.

Huo ndio ukame uliokuwapo programu za kuandika na kuchora zilipoingia sokoni mwishoni mwa 2022. Mei 2, 2023 chama cha waandishi, WGA, chenye wanachama 11,500 hivi, kiliweka kalamu chini. Julai 14 waigizaji wakaungana nao, mara ya kwanza tangu 1960 kwa vyama hivyo viwili kuwa nje ya malango kwa pamoja. Usiku wa kuamkia mgomo wa waigizaji, filamu ya Oppenheimer ilikuwa ikizinduliwa London. Waigizaji wake walipita kwenye zulia jekundu, kisha wakaondoka kabla filamu haijaanza kuonyeshwa.

Siku hiyo ya Julai 13, mbele ya waandishi wa habari, mwongoza mazungumzo wa waigizaji, Duncan Crabtree-Ireland, alitoa tuhuma ambayo ilisambaa kuliko jambo lingine lolote la mgomo ule. Alisema studio zilipendekeza kwamba waigizaji wa umati, wale wanaopita nyuma ya nyota sokoni au wanaokaa meza za pembeni baani, wapigwe picha za mwili mzima kwa mashine, walipwe ujira wa siku moja, halafu kampuni imiliki picha hizo na kuzitumia itakavyo. Umoja wa studio, AMPTP, ulikana, ukasema pendekezo lake liliruhusu matumizi katika filamu ile ile tu aliyoajiriwa mtu huyo. Nani alisema kweli? Sikuwa chumbani mwao. Ninachokiona ni kwamba tuhuma ile iliaminika mara moja, na watu huwa hawaamini haraka hivyo ila pale ambapo hesabu za nyuma zimewafundisha. Mtu aliyekwisha pokea hundi ya dola 27 hahitaji kushawishiwa sana kuwa bosi anataka sura yake kwa bei ya siku moja.

Tena mwezi huo huo jarida la Deadline liliripoti kwamba kigogo mmoja wa studio, asiyetajwa jina, alisema mpango ni kuuacha mgomo ujivute hadi wagomaji waanze kupoteza nyumba zao. Umoja wa studio ulijitenga na kauli hiyo. Bob Iger, mkuu wa Disney wakati huo, yeye alisema kwa jina lake na mbele ya kamera kwamba matarajio ya wagomaji hayaendani na hali halisi.

Mgomo huu una babu yake, na habari za babu huyo hazisimuliwi vya kutosha. Oktoba 1927 ilitoka The Jazz Singer, filamu iliyowapa watazamaji sauti ya mwigizaji ikitoka kwenye turubai. Hadi wakati huo kila ukumbi wa sinema wa maana ulikuwa na wapiga piano, wapiga fidla, kumbi nyingine zikiwa na okestra kamili, wakisindikiza filamu bubu. Ndani ya miaka michache maelfu yao wakawa hawana kazi. Mwaka 1930 chama chao, American Federation of Musicians, kilitumia zaidi ya dola 500,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule, kulipia matangazo magazetini yaliyomchora roboti akipiga kinubi, yakiuliza wasomaji kama kweli wanataka muziki wa kopo. Wasomaji walitaka. Filamu zenye sauti zilikuwa tamu, na hakuna tangazo lililowarudisha watu kwenye filamu bubu.

Chama kilijifunza. Mwaka 1942 rais wake alikuwa James Petrillo, mtu mgumu ambaye magazeti yalimchukia. Tishio wakati huo lilikuwa santuri: redio na baa zilikuwa zikipiga muziki wa santuri badala ya kuajiri bendi, na kila mwanamuziki aliyeingia studio kurekodi alikuwa akitengeneza chombo cha kumwondoa mwenzake kazini. Petrillo hakupoteza senti kuwasihi wasikilizaji waichukie santuri. Kuanzia Agosti 1, 1942 aliwakataza wanachama wake kurekodi. Alitaka kila santuri itakayouzwa ilipe kiasi kidogo kwenye mfuko, na mfuko uwalipe wanamuziki wasio na kazi wapige maonyesho ya bure kwa umma. Ilikuwa katikati ya vita kuu; Rais Roosevelt mwenyewe alimwomba aache, akakataa. Decca ilisaini mwaka 1943, na kampuni mbili kubwa zaidi, RCA Victor na Columbia, zikasalimu amri Novemba 1944. Mfuko ukaanza kazi. Bunge lilijaribu kuuvunja kwa sheria ya 1947 iliyokataza chama kuushika chenyewe, wanamuziki wakagoma tena 1948, na mfuko ukarudi chini ya mdhamini huru.

Katika kisa hiki kuna jambo ambalo limenikaa kichwani kuliko ushindi wenyewe. Katika miezi ile ya zuio, kampuni za santuri hazikukaa bure. Zilitazama orodha ya wanachama na kuona kwamba waimbaji hawamo. Chama kilihesabu wapiga vyombo tu. Basi zikarekodi waimbaji wakisindikizwa na kwaya, bila chombo hata kimoja. Frank Sinatra, kijana aliyekuwa anachipukia, alirekodi hivyo mwaka 1943. Wasikilizaji wakawazoea waimbaji, na vita ilipokwisha enzi za bendi kubwa nazo zilikuwa zinakwisha, nyota amekuwa mwimbaji. Kuna sababu nyingine pia, siwezi kuutwisha mgomo lawama zote. Lakini wale ambao chama hakikuwahesabu ndio waliogeuka mlango wa nyuma.

Nenda nayo hiyo hadi 2023 uone. Wakati malango ya Hollywood yamefungwa, tamthilia ya House of the Dragon iliendelea kupigwa picha Uingereza, kwa kuwa waigizaji wake wengi walikuwa chini ya chama cha huko, Equity, na sheria za Uingereza haziruhusu kugoma kwa kuwaunga mkono wenzio. Waigizaji wale hawakuwa wasaliti. Sheria iliwafunga mikono, kamera zikaendelea.

Pamoja na hayo, walioko ndani ya ukuta wa chama walishinda mengi. Waandishi walirudi kazini Septemba 27 baada ya siku 148. Mkataba wao, uliopitishwa kwa asilimia 99 ya kura, unasema maandishi ya mashine hayahesabiwi kuwa kazi ya fasihi wala chanzo cha kazi. Kampuni haiwezi kumpa mwandishi rasimu ya mashine kisha imlipe kama msahihishaji tu. Haiwezi kumlazimisha aitumie mashine. Ikimkabidhi kitu kilichotoka kwenye mashine, lazima imwambie. Siri ya idadi ya watazamaji ililegezwa, na tamthilia inayotazamwa sana ikapewa nyongeza. Kwa makadirio ya chama chenyewe, makubaliano yana thamani ya dola milioni 233 kwa mwaka, wakati studio zilianza na toleo la milioni 86.

Waigizaji walimaliza Novemba 9, siku ya 118. Wao walikuwa na kazi ngumu zaidi, maana mwandishi anauza alichokitunga, ilhali mwigizaji anauza alivyozaliwa: uso, mwendo, sauti. Mkataba wao uligawa mambo kwa makini. Nakala ya mwigizaji iliyotengenezwa akiwa kazini inahitaji ridhaa yake, tena ridhaa yenye maelezo ya nakala itafanya nini, na analipwa siku ambazo angezifanya mwenyewe. Nakala inayotengenezwa bila yeye kuwapo, kwa picha na filamu zake za zamani, nayo inahitaji ridhaa, ila bei yake ni ya kupatana. Kuhusu mwigizaji wa kubuniwa, asiye nakala ya mtu yeyote, kampuni inapaswa kukijulisha chama na kukipa nafasi ya kujadili. Kujulisha na kujadili, basi.

Kura ya kuupitisha ilikuwa asilimia 78 na ushee. Kwa chama kilichotoka kwenye mgomo wa miezi minne, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano kusema hapana si jambo dogo. Waliokataa walikuwa na hoja ambayo sijaona ikijibiwa vizuri. Ridhaa, walisema, ni neno zuri midomoni mwa nyota. Meryl Streep akiambiwa “saini hapa uchapwe nakala”, anaweza kukataa na kesho simu ikalia tena. Kijana aliyepata nafasi yake ya kwanza baada ya majaribio arobaini, akipewa karatasi ile ile asubuhi ya kwanza ya kazi, ana ridhaa gani? Anasaini. Ridhaa ya mwenye njaa inapatikana kwa bei ya chakula cha mchana.

Kwa maoni yangu, kipengele bora cha mkataba ule kilipita kimya, hakina roboti ndani yake. Tamthilia ikitazamwa na angalau asilimia 20 ya wateja wa ndani wa jukwaa katika siku 90 za mwanzo, kampuni inalipa nyongeza. Robo tatu ya fedha hiyo inakwenda kwa walioigiza humo, na robo inaingia kwenye mfuko wa kuwagawia waigizaji wengine wa mtandaoni. Humo namwona Petrillo. Hakuna anayeombwa ridhaa yake peke yake, amezungukwa na mawakili. Mlango wa fedha unafunguka wenyewe, na waliobaki nje ya bahati nao wanapata.

Yaliyofuata yameonyesha ukuta unaishia wapi. Waigizaji wa michezo ya video, walio na mkataba wao tofauti, waligoma Julai 26, 2024 na kukaa nje karibu mwaka mzima kabla ya kupata kinga zinazofanana. California ilipitisha sheria Septemba 2024 za kulinda nakala za walio hai na waliokufa; Tennessee ilitangulia miezi michache kwa kuilinda sauti. Kisha Septemba 2025 akatangazwa Tilly Norwood, “mwigizaji” aliyetengenezwa kikamilifu kwa mashine na kampuni ya Eline Van der Velden iliyoko Uingereza. Hali, halali, hachelewi, hana chama. SAG-AFTRA ilikemea, ikasema huyo si mwigizaji bali ni zao la programu iliyofundishwa kwa kazi za waigizaji wasioombwa wala kulipwa. Ni kweli. Lakini aliyefundishwa kwa kazi za watu elfu hafanani na mtu yeyote hata mmoja, na hapo ridhaa ya mtu mmoja mmoja inakosa pa kushika.

Sasa niende kwa walio nje kabisa ya ukuta, na hapa tunafika nyumbani. Mei 1, 2023, siku moja tu kabla waandishi wa Hollywood hawajagoma, wafanyakazi zaidi ya 150 walikutana katika hoteli moja Nairobi wakapiga kura kuanzisha chama cha wachujaji wa maudhui. Walikuwa wamefanya kazi za Facebook, TikTok na OpenAI kupitia kampuni za kati. Baadhi ya waliofanya kazi ya OpenAI walikuwa na jukumu la kusoma maandishi machafu kupita kiasi, ya ubakaji, ya kuua, ya kunajisi watoto, na kuyawekea alama ili ChatGPT ijifunze kutoyasema. Januari mwaka huo jarida la Time lilifichua kwamba walibaki na kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Mashine ambayo waandishi wa Los Angeles waliiogopa ilipitia kwanza mikononi mwa vijana wa Nairobi ili iwe na adabu ya kuingia ofisini.

Sikumbuki bango lolote la Hollywood lililowataja. Siwalaumu, mgomaji ana kodi yake ya kulipa. Ila hesabu ni ile ile ya 1942. Kazi iliyofanywa na walio nje ya chama ndiyo iliyowezesha chombo kinachowabana walio ndani.

Kuna na walio karibu zaidi na jukwaa. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilianza kurusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake, ikiwa imetiwa sauti za Kiswahili. Ilipendwa hadi Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam, Machi 2013. Baada ya hapo kampuni ya televisheni ya StarTimes ilikuja na mashindano ya kusaka sauti, washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi hiyo. Kabla yao tulikuwa na mabingwa wa vibanda vya video: Lufufu wa Dar es Salaam, DJ Afro wa Kenya, watu waliomfanya Mhindi na Mchina waongee kama jirani wa Manzese au Eastleigh. Kiswahili kina ufundi wa sauti ambao hakuna chuo kilichoufundisha.

Ufundi huo ndio unaopigiwa hesabu sasa. Programu za kutia sauti zipo, zinachukua dakika chache za sauti ya mtu na kuisemesha chochote, kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo. Mkanada Bev Standing, anayeishi kwa kuuza sauti yake, alirekodi sentensi kwa kazi aliyoambiwa ni ya tafsiri. Baadaye akaisikia sauti yake ikisoma maandishi ya mamilioni ya watu TikTok. Alishtaki mwaka 2021, wakapatana nje ya mahakama. Alikuwa na wakili na nchi yenye mahakama za kufikika. Mtu wetu aliyesaini karatasi ya kurasa mbili kwa Kiingereza, iliyosema sauti ni mali ya kampuni “kwa matumizi yote, duniani kote, milele”, atamfuata nani, na kwa nauli ya nani?

Usiniambie sheria ipo. Najua ipo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Kenya ya 2019 inaitaja hata sauti miongoni mwa alama za mwili. Tanzania nayo ina yake ya 2022. Sheria yake ya hakimiliki ni ya 1999. Kinachokosekana ni mtu wa kuikataa kazi pamoja na wenzake. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa haki ya kugoma mwajiriwa. Msanii wa Bongo Movie anayelipwa kwa siku, mara nyingi mkononi, mara nyingi baada ya kukumbushwa, ni mwajiriwa wa nani? Tuna mashirikisho na vyama, vingine vina majina marefu na ofisi nzuri. Vinatoa salamu za rambirambi, vinahudhuria semina, vinapiga picha na waziri. Sijaona kimoja kilichowahi kuzima kamera.

Hapa kuna mtu atasema: je, tunataka mashine isijue Kiswahili? Hoja hiyo ina uzito. Maelfu ya watu wa kawaida Kenya, Tanzania na kwingineko wamejitolea kusoma sentensi katika mradi wa Common Voice wa Mozilla ili lugha yetu isiachwe nje ya teknolojia. Walitoa sauti zao bure, kwa leseni inayomruhusu yeyote kuzitumia kwa lolote, na wengi walifanya hivyo wakijua. Ni kazi ya heshima. Kipofu wa Tabora anastahili simu inayomsomea ujumbe kwa lugha yake, na anayetaka hivyo si adui wa mtia sauti. Wamarekani wa 1930 walizipenda filamu zenye sauti, nasi tutazipenda tamthilia za Kikorea zinazoongea Kiswahili safi kwa bei ya chini. Kumwomba mtazamaji aone haya ni kurudia tangazo la roboti na kinubi.

Ndiyo maana nasimama na Petrillo kuliko na watetezi wa ridhaa. Ridhaa iwepo, iandikwe kwa Kiswahili, iseme kazi gani na kwa muda gani. Lakini uzito uwekwe kwenye mfuko: kampuni yoyote inayouza huduma ya sauti au sura ya mashine katika soko letu ilipe sehemu ya mauzo, na fedha iende kwa watia sauti, waigizaji na wanamuziki walio hai, kwa kazi mpya, mbele ya watu. Wazo hilo si geni kama linavyosikika. Mwaka 2023 Tanzania iliingiza katika sheria ya hakimiliki tozo ya vifaa vya kunakili na kuhifadhi kazi za sanaa, kwa mantiki ile ile kwamba huwezi kumfukuzia kila anayenakili, basi unachukua kidogo mlangoni. Kutoka kwenye flashi hadi kwenye programu ya kutia sauti ni hatua fupi.

Najua kinachokuja akilini mwa msanii yeyote anaposikia neno mfuko. Mwaka 2019 wanamuziki wa Kenya walipokea mgawo wa mirabaha yao kutoka chama cha kukusanya: Sh2,530 kila mmoja, mkongwe na chipukizi. Walicheka kwanza, halafu wakakasirika. Fedha zinazokusanywa kwa jina la wasanii Afrika Mashariki zina tabia ya kuchoka njiani. Ndiyo maana mfuko hauwezi kutangulia chama. Mfuko wa 1944 ulilindwa na watu waliokuwa tayari kuacha kurekodi tena wakichezewa, na 1948 waliacha kweli. Wetu ukianzishwa na waziri, kwa tangazo, bila watu wa namna hiyo nyuma yake, utakuwa na mwenyekiti, gari na kikao cha bodi Arusha.

Kwa hiyo pa kuanzia ni padogo na hapahitaji bunge. Watia sauti wa Kiswahili wanaofanya kazi hiyo kila wiki, kati ya Dar es Salaam, Nairobi na Beijing, wanafahamiana kwa majina. Wakikubaliana kipengele kimoja tu, kwamba hakuna anayeingia kibandani kurekodi mpaka karatasi iseme rekodi hii haitafundisha mashine bila malipo ya ziada, kampuni italazimika kujibu mwezi huo huo, maana vipindi vya jioni havisubiri. Na wawahesabu wote: wapya, wa mikoani, wanaorekodi kwa simu chini ya blanketi, vijana wa Nairobi wanaoweka alama kwenye sauti za wengine.